Shaka za Bi Subira juu ya Kiini cha Kalsiamu

Bi Subira wa Msambweni hakuwa akiamini kitu mpaka akigeuze aone upande wa pili. Akiletewa samaki mlangoni, alimfunua mashavu, akamnusa, akamwuliza muuzaji alivuliwa lini. Siku ya tatu, akikutana na muuzaji yule yule njiani, humwuliza tena juu ya samaki yule yule aliyekwisha kuliwa, apate kuona kama jawabu limebadilika.

Kazi yake ilikuwa makuti. Alishona ya kwake na kununua yaliyoshonwa na wanawake wenzake, akayauza kwa wenye hoteli na nyumba za wageni kule Diani. Kila kuti aliloletewa alilipindua, akayavuta majani pale yalipokunjwa kwenye ufito, na likichomoka jani hata moja aliliweka kando bila kusema neno. Mwenye kuti hujiondokea kimya.

"Subira, wewe hata mchele wa futari unauhoji," shoga yake Dama alimtania.

"Nauhoji kwa sababu una mawe."

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa bibi arusi aliishi bara kidogo, kijiji cha Kirindo, kwenye mashamba ya watu wa mumewe. Akaja mtu mmoja na chombo cha miguu mitatu na vifuko vya udongo. Alisema anatafuta mahali pa kuchimba kisima. Mumewe Subira alimpa chumba, wakala naye sahani moja, na wazee walipoingiwa na wasiwasi wakamtaka ale yamini kwamba ni maji tu anayoyatafuta, akala. Baada ya mwaka mmoja yakaja matrekta. Kirindo sasa ni shimo la kokoto lenye maji ya kijani chini, na mumewe alifia katika chumba cha kupanga Ukunda akiwa bado anauliza amekosea wapi. Subira akarudi Msambweni kwenye nyumba aliyoachiwa na mamake, na tangu hapo mtu yeyote aliyeshika kipimo mkononi, hata fundi wa madirisha, Subira alimtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa mpimaji alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tena ni yeye Subira aliyemlea.

Ummi alikuwa binti wa marehemu mdogo wake. Alisoma fizikia hadi shahada ya pili, na sasa alikuwa akifanya uzamifu katika kundi la wanasayansi wanaotumia mtambo mkubwa ulioko Ujerumani. Aliomba viza akanyimwa. Wenzake wakamwambia zamu za kuangalia vipimo zinaweza kufanywa kwa intaneti akiwa popote, mradi laini isikatike. Ndipo akarudi kwa mama yake mkubwa na sanduku la vitabu, kompyuta, na dishi jeupe ambalo fundi alilifunga juu ya bati la chumba cha uani.

"Unachunguza nini hasa?" Bi Subira alimwuliza siku ile ya kwanza.

"Kiini cha atomu, mamkubwa."

"Atomu ya nini?"

"Ya kalsiamu."

"Iko wapi?"

"Ujerumani."

"Na wewe uko Msambweni."

"Ndiyo, mamkubwa."

Zikapita siku. Bi Subira akipepeta mchele, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Ile atomu yako iko mji gani vile?"

"Ujerumani, mamkubwa. Ile ile."

Jawabu halikubadilika, lakini shaka haikuondoka. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa ukifungwa kwa ndani. Nyuma yake zilisikika sauti za Wazungu, na sauti ya Ummi ikiwajibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Msichana mwenyewe alikuwa mtu wa kuona haya tangu utotoni, asiyeweza kumwambia mwenye duka kwamba chenji haikutimia. Sasa huko ndani alikuwa akitoa amri.

Jumatano akaja Boga. Lori lake ndilo lililobeba makuti ya Bi Subira kwenda Diani, na pia alikuwa mkubwa wa nyumba kumi, kwa hivyo alipobisha hodi haikujulikana mara moja amekuja na kofia ipi.

"Dada Subira, sikuja kwa ubaya."

"Anayekuja kwa wema haanzi na maneno hayo. Keti."

Boga akaketi. Akazungusha maneno kidogo juu ya mvua, kisha akayatoa. Watu walikuwa wanasema. Tangu mtambo wa nyuklia uanze kutajwa-tajwa redioni watu wa pwani hawalali, na huyu msichana anasomea nyuklia, amesema kwa kinywa chake mwenyewe kwenye harusi ya jirani. Kuna dishi juu ya nyumba. Kuna Wazungu ndani ya kompyuta. Na wanasema vilima vyetu vina madini ndani yake.

"Na wewe, dada, watu wa kupima unawajua kuliko sisi."

Bi Subira akaokota ufito uliokuwa miguuni pake.

"Basi tumeonelea hivi," Boga akaendelea. "Ijumaa baada ya alasiri tutakutana hapa uani kwako. Mwalimu Swabir atakuja na msahafu. Msichana ale yamini kwamba kazi yake haina madhara. Akila, yameisha. Asipokula, vijana watapanda kuliteremsha lile dishi."

"Paa ni langu, Boga."

"Na lori ni langu, dada."

Alipoondoka, Bi Subira alibaki amekaa na ufito mkononi. Lililomchoma si vitisho vyake. Ni kwamba Boga alitamka kwa sauti yale ambayo yeye amekuwa akiyasema moyoni. Na ikiwa ni kweli, basi mara hii mtu wa kupima hakulala nyumbani kwake kama mgeni tu, alinyonyeshwa humo.

Jioni alimweleza Ummi. Msichana alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Dishi likitoka, mamkubwa, zamu zangu anapewa mtu mwingine," alisema. "Na bila zamu hakuna tasnifu. Nimemaliza miaka minne."

"Nimesikia. Kesho una zamu?"

"Ninayo."

"Basi kesho makuti nitayashonea chumbani mwako."

Asubuhi aliingia na mzigo wa majani, fito na ukindu wa kushonea, akatandika mkeka katikati ya sakafu. Ummi alitaka kusema kitu kuhusu vumbi, akakimeza. Kwenye kuta hapakuwa na ramani. Hilo Bi Subira alilitazama kwanza. Kisha akatazama chini ya kitanda, akijifanya anaokota sindano. Palikuwa na viatu na vitabu.

"Haya, nieleze," alisema. "Nieleze kama mtu anayetaka kukukamata na uongo."

Ummi akacheka kidogo, kicheko cha woga. "Kiini ni kidogo mno, mamkubwa. Hakuna darubini ya mwanga inayokifikia. Kwa hivyo kule kwenye mtambo kuna kibamba cha kalsiamu, chembamba kama karatasi. Tunakipiga kwa elektroni zinazokwenda mbio mno. Nyingi zinapita. Chache zinagonga viini na kuruka pembeni. Sisi tunatazama zimeruka upande gani na zimebaki na nguvu kiasi gani, ndipo tunajua kiini kina ukubwa gani na umbo gani. Kama mtu aliye gizani anayetupa kokoto, asikilize mbele yake kuna ukuta au kuna kichaka."

"Au kuna mtu."

"Au kuna mtu. Mlio wake nao ni tofauti."

Bi Subira akalipokea hilo kwa kuguna. Kwenye skrini palikuwa na mstari wa chini, na juu yake mlima mmoja mwembamba uliokuwa ukirefuka taratibu. Kila elektroni iliyofika kwenye kipimio, Ummi alieleza, huongeza chembe moja kwenye mlima, na iliyopungukiwa nguvu huangukia upande wa kushoto. Wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja akishona, mmoja akitazama mlima unavyokua. Hapakuwa na jambo la kumtia mtu hofu. Jambo hilo lenyewe lilimtia Bi Subira hofu kidogo.

Karibu na adhuhuri Ummi alisogeza uso kwenye skrini. Upande wa kushoto wa ule mlima, palipotakiwa kuwa tambarare, kilikuwa kimeota kilima kidogo.

"Hiki sikipendi," alisema. Akabonyeza kitufe. "Samuel, unanisikia? Unaona ninachokiona?"

"Sasa, Ummi! Naona, naona," sauti ya kijana ilijibu, ya watu wa bara, yenye haraka. "Hiyo ni magnet tu, power yake inacheza kidogo. Wacha ikae, jo, data inaingia poa leo."

"Huyu naye ni nani?" Bi Subira aliuliza.

"Samuel, mamkubwa. Mwanafunzi mwenzangu, wa Kericho. Yeye alipata viza, yuko huko huko kwenye mtambo."

"Na salamu aliziacha Kericho?"

Huko Ujerumani kiti kilisikika kikisogezwa. "Shikamoo, mama! Sikujua uko hapo."

"Marahaba. Endelea na sumaku yako."

Ummi hakuwa akicheka. Alikuwa amekunja uso kwa namna ambayo Bi Subira aliijua, kwa sababu ni namna yeye mwenyewe anavyokunja uso akishika shavu la samaki. "Samuel, kile kibamba kilitolewaje kwenye sanduku lake la gesi?"

"Kama kawaida. Kilitolewa, kikaingizwa. Dakika chache tu."

"Hakikukaa hewani?"

"Hakikukaa. Haki ya Mungu, Ummi, kiko sawa. Naapa."

"Usiniapie. Tusogeze kipimio pembe nyingine."

"Sasa hivi? Tutapoteza mchana mzima!"

"Tupoteze."

Kidole cha Bi Subira kilikuwa kimesimama juu ya sindano. Sauti ile haikuwa ya msichana wa chenji. "Unamshuku mwenzako?"

"Namshuku kila mtu, mamkubwa. Najishuku na mimi." Akageuka kwenye kiti. "Elektroni ikigonga kitu kizito, inaruka na karibu nguvu zake zote. Ikigonga kitu chepesi zaidi, kile chepesi kinasukumwa, na kwa kusukumwa kinakula nguvu kidogo. Kalsiamu hii haina chochote pale kilipoota kilima. Lakini kungekuwa na oksijeni kwenye kibamba, ingejitokeza pale pale. Kalsiamu ikikutana na hewa yenye unyevu, inageuka nyeupe kama chokaa. Inaivuta oksijeni."

"Na ukisogeza hicho kipimio?"

"Ikiwa ni sumaku iliyoyumba, vilima vyote viwili vitabaki na umbali ule ule kati yao. Ikiwa ni oksijeni, vitaachana, na hesabu inaniambia vitaachana kiasi gani." Akapiga hesabu, akairudia, kisha akainama, akachukua uzi wa ukindu kutoka mapajani mwa mama yake mkubwa, akaubandika wima juu ya skrini kwa utepe. "Ikiwa nasema kweli, kitaota hapa. Kikiota kwingine, nimemwonea Samuel."

Huo mtindo Bi Subira aliuelewa bila kuelezwa. Ni kuuliza swali ambalo jibu lake umekwisha kulifunga kwenye pindo la kanga.

Wakangoja. Huko mbali vyuma vizito vilizungushwa, skrini ikafutika, mlima ukaanza upya kutoka chini. Bi Subira alikwenda kuswali, akarudi, akashona kuti moja, akashona la pili. Kilima kidogo kikaanza kuvimba, kwanza kama chunusi, kisha kikasimama. Kilisimama nyuma ya ule uzi wa ukindu, hata ukakigawa katikati.

"Ayaa," ilisema sauti ya Samuel, ndogo sasa. "Ni oksijeni. Pole, Ummi. Mimi nilidhani..."

"Haidhuru. Waambie watoe kibamba."

Bi Subira akaweka sindano chini. "Basi umeshinda."

"Sijashinda, mamkubwa." Ummi aliifunga mikono yake kifuani kama mtu aliyeingiwa na baridi. "Vipimo vyangu vya mwezi uliopita vilifanywa kwa kibamba hiki hiki. Sijui hewa iliingia lini. Sura nzima ya tasnifu inabidi niitilie shaka, pengine niitupe."

"Hiki kilima mtu mwingine alikwishakiona?"

"Samuel, naye alikiita sumaku."

"Ungenyamaza ingekuwaje?"

"Kiini kingetoka na ukubwa usio wake. Na mimi ningepata shahada mapema."

Bi Subira alimtazama muda mrefu. Katika maisha yake hakupata kuona tapeli akiharibu kazi yake mwenyewe hali hakuna anayemtazama. Moyo ukaanza kumlegea. Kisha akakumbuka kwamba yeye alikuwa akimtazama, kutwa nzima, na shaka ikarudi ikaketi mahali pake.

Ijumaa ua ulijaa. Wanawake wa makuti walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, karibu na sufuria ya wali, wanaume kwenye viti vya kuazima. Mwalimu Swabir wa madrasa alikuwa na msahafu mapajani, umefungwa kwa kitambaa cheupe, na uso wa mtu anayetaka jambo liishe kwa heri. Ummi alikaa mbele yao peke yake, amejitanda buibui mpaka kwenye nyusi.

Boga ndiye aliyeyatunga maneno ya kiapo, akayasema kwa sauti ya mkutano: "Sema, wallahi, kazi yangu haina madhara kwa ardhi hii wala kwa watu wake, leo wala kesho."

Mwalimu Swabir akaunyoosha msahafu.

Ummi aliutazama. Mkono wake ulibaki mapajani. Dama alimwona, akanong'ona hadi wote wakasikia, "Sema tu, mwanangu, wali unapoa!"

"Siwezi," alisema Ummi.

Ua ukavuma kama mzinga uliogongwa.

"Ya leo naweza," aliendelea, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie. "Ya kesho siyajui. Elimu hii ya viini imepata kutengeneza mabomu, na imepata kutengeneza mashine za kutibu saratani. Walioianza hawakujua itafika wapi. Mimi napima ukubwa wa kitu kimoja tu. Watu watakuja kukifanyia nini, siwezi kuapa."

"Mmesikia!" Boga alisimama, mikono hewani. "Mmesikia kwa masikio yenu! Ameambiwa aape, amekataa! Mtu msafi anakataa yamini?"

Sauti zikapanda. Kijana mmoja alikwisha kutupa jicho juu ya paa. Mwalimu Swabir aliurudisha msahafu mapajani, na Ummi akainama kabisa, mabega yake yamekuwa madogo kama alivyokuwa na umri wa miaka saba.

Bi Subira alisimama polepole, kwa sababu ya magoti.

"Boga," alisema. "Habari za Kirindo umepata kuzisikia?"

"Nani asiyezijua, dada? Ndizo hizo tunazozikimbia."

"Basi nikwambie ambalo hukulisikia, kwa maana mimi nilikuwako, nilikuwa nagawa kahawa. Yule mtu tulimwapisha. Yamini yake haikuwa na kasoro. Aliapa kabla mwapishaji hajamaliza kusema. Leo aliapa, kesho aliapa, mpaka siku ya kiyama aliapa, na wazee wakamshika mkono. Na ninyi mmekuja hapa na kiapo kile kile. Huyu angekuwa anawadanganya angekwisha kula yamini, na sasa mngekuwa mnanawa mikono mle wali wangu."

Boga akamgeukia. "Kwa hiyo wewe unamwamini."

"Nani aliyesema namwamini?" Bi Subira alishangaa kwa dhati. "Simwamini hata kidogo. Nilikaa naye jana kutwa nikimvizia, na Jumatatu nitakaa naye tena. Mlango wa chumba kile nitauondoa komeo, na mwenye shaka aje na mkeka wake akae. Hivyo ndivyo ninavyojua mimi. Kuapishana tulikwisha kuapishana."

Mwalimu Swabir akakohoa. "Kisheria," alisema kwa upole, "mtu hula yamini kwa analolijua. La kesho ni la Mwenyezi Mungu. Tungemwapisha kwa analolijua."

"Mwulizeni, basi," alisema Bi Subira. "Lakini mwulizeni vizuri."

Wakamwuliza. Ummi aliweka mkono wa kulia juu ya msahafu, akaapa kwamba hakuna mtu mwenye nia na ardhi ya Kwale aliyempa kazi wala ujira kwa ajili yake, na kwamba hajachukua mchanga wa mahali popote hapa kuupeleka kokote. Akasita. "Isipokuwa ulionasa kwenye viatu vyangu nilipokwenda Nairobi," aliongeza, na watu, ambao hawakutaka kucheka, wakacheka. Dama alicheka hadi akajifuta macho.

Boga hakucheka. "Mimi sikuridhika," alisema. "Dishi na likae. Lakini lori langu halibebi tena makuti ya nyumba hii." Akavaa kofia yake akatoka, na wanawake wawili waliokuwa wakimwuzia Bi Subira makuti yao wakainuka wakamfuata.

Lilikuwa pigo, wala Bi Subira hakujifanya si pigo. Wiki zile makuti yalirundikana uani mpaka yakafika kwenye dirisha. Ilibidi ayapeleke kwa mkokoteni hadi barabara kuu, na huko asubiri pikapu yoyote inayoelekea Diani bila mzigo, akibishana na kila dereva. Hoteli moja ilichoka kusubiri ikanunua kwingine. Mvua ya ghafla ikaharibu rundo la juu. Alipoulizwa kama anajuta, alisema bado hajui, ataangalia.

Komeo la chumba cha uani aliling'oa mwenyewe kwa nyundo. Wenye shaka walikuja kweli. Dama alikuja mara mbili, mara zote akalala usingizi kabla ya saa kupita. Kijana aliyekuwa akilitazama paa alikuja, akauliza maswali mengi kuliko wote, akaondoka akisema bado hajaelewa faida yake ni nini. Ummi alimwambia hilo ni swali zuri, naye hana jibu la kumtosha. Sura yake ya tasnifu aliifuta, akaanza kuipima upya. Msimamizi wake alimwongezea zamu.

Jumatatu ambayo kibamba kipya kiliwekwa, Bi Subira alikuwa mahali pake kwenye mkeka, majani ya mnazi yamemzunguka. Samuel alitangaza kwa furaha kwamba kila kitu kiko tayari, kimeingizwa salama, wanaweza kuanza. Mstari wa chini ukatokea kwenye skrini, bado mtupu. Ummi akanyoosha kidole kubonyeza.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Subira, akivuta ukindu kwa meno. "Hicho kipya nacho. Kilipokuwa kinatolewa sandukuni, nani alikuwa amesimama hapo akitazama?"

Kidole cha Ummi kikabaki hewani. Aligeuka akamtazama mama yake mkubwa, kisha akabonyeza kitufe cha sauti.

"Samuel," alisema, "kabla hatujaanza. Kilipotolewa sandukuni, nani alikuwa anatazama?"